Mliopata chuo Kampala mwaka huu: ukipewa bweni, usilikimbie kwenda hosteli

BintiKagera

Habari zenu wanajamvi. Majina ya udahili yameshaanza kutoka, na ujumbe ninaoupata ni wa aina moja: "Dada, nimepata chuo Kampala, nitafute hosteli Kikoni au niombe bweni la chuo?" Kikoni ni mtaa ulio jirani na Makerere, wenye hosteli za watu binafsi. Nimeona nijibu hapa kwa wote, maana wengi wanaowashauri vijana wetu wanaangalia bei na picha za vyumba tu, na maisha ya miaka mitatu hayaonekani kwenye picha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mwaka wa kwanza lala bwenini ukipata nafasi, hata kama kwenu pesa ya hosteli ipo. Mwaka wa pili fanya utakavyo. Mimi ni mtu wa Bukoba, nimesoma Kampala, nimekaa bwenini na baadaye hosteli, kwa hiyo nazungumzia pande zote mbili. Chuo changu sitakitaja. Mifano ya majina nitaichukua Makerere kwa sababu ndiyo mnayoiuliza zaidi.

Kwanza elewa mfumo, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Makerere kila mwanafunzi anaandikishwa kwenye bweni fulani, awe analala humo au halali. Wavulana wana Livingstone, Lumumba, Mitchell, Nkrumah, Nsibirwa na University Hall. Wasichana wana Mary Stuart, Africa na Complex. Anayelala nje anahesabiwa mwana wa bweni lake vilevile: anapiga kura ya viongozi wa bweni na anashangilia timu yake. Sasa kijana anaona jina la bweni kwenye karatasi zake, anafunga safari akijua ana kitanda. Hana. Vitanda ni vichache kuliko majina, na tangu chuo kianze kupokea wanaojilipia ada miaka ya 1990 pengo limezidi kutanuka. Wanaodhaminiwa na serikali ya Uganda ndio wanaotangulia, sisi wengine tunaomba nafasi zinazobaki. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kuripoti, kabla hujaenda hata kununua ndoo, nenda ofisini kwa msimamizi wa bweni ukiwa na barua ya udahili, risiti ya ada na pasipoti. Mweleze umetoka nchi gani na kwamba Kampala huna ndugu. Ukikosa, rudi tena wiki ya pili, kwa sababu wapo waliopewa vitanda wasiokuja kuripoti na nafasi zao hutolewa.

Kwa nini nasisitiza bweni? Fikiria binti wa miaka kumi na tisa aliyeshuka basi la kutoka mpakani Mutukula, Kiganda hajui, Kiingereza cha darasani anacho lakini cha mtaani hakimtoki, na Kiswahili chake kila akikitumia mtu anamjibu kwa Kiingereza. Ukimweka huyo kwenye chumba cha mtu mmoja Kikoni, chenye choo ndani na geti linalofungwa, atakuwa salama na atakuwa mpweke. Nimewaona. Wanakula chipsi chumbani, wanaongea na nyumbani kwa simu mpaka usiku, na muhula wa kwanza unaisha hajui mtu zaidi ya wawili, wote Watanzania.

Bwenini upweke wa namna hiyo ni mgumu kuupata hata ukiutafuta. Asubuhi mnapanga foleni ya bafu na mtu wa Arua, mtu wa Gulu, mtu wa Kabale. Wao ndio wanaokwambia mhadhara wa saa mbili umehamishwa, nani anauza nakala za mitihani ya zamani pale Wandegeya, mtaa wa jirani, geti lipi linafungwa mapema, boda gani uipande na ipi uiache. Mimi nilipatwa na malaria kali usiku, homa ya kutetemeka hata kusimama siwezi, na wasichana wa korido yetu ndio walionibeba mpaka zahanati ya chuo, mmoja akakaa nami hadi kulipokucha na ana mtihani siku hiyo hiyo. Nilikuwa simjui vizuri. Alikuwa jirani wa mlango wa tatu, basi. Tangu hapo nikiulizwa bweni lina faida gani, huyo dada ndiye anayenijia kichwani.

Nitaendelea na mambo ya chumbani, maji, wizi na kadhalika. Mwenye swali aulize.

MkaziWaKikoni

Dada BintiKagera, heshima yako, lakini hapa sikubaliani na wewe. Bwenini ni kelele. Mimi nasoma usanifu majengo, nahitaji meza ya kuchorea na usingizi wa uhakika. Nilipangiwa chumba na wenzangu, meza ni ya kugombania, mmoja anawasha muziki, mwingine wageni hawamwishi. Nikahamia hosteli Kikoni na alama zangu zikapanda. Huku nina umeme wa akiba, intaneti, na natembea kwa miguu kuingia chuoni kwa geti la magharibi. Msiwajaze vijana hofu ya hosteli.

BintiKagera

Kaka, hoja yako ya meza naikubali bila ubishi. Mwenye kozi ya kuchora, mwenye pumu, mwenye ugonjwa unaohitaji choo cha karibu, mama mwenye mtoto mchanga, hao wote hosteli inawafaa tangu siku ya kwanza. Siwazungumzii hao.

Lakini niambie ukweli: ulipohamia Kikoni ulikuwa tayari unajua watu wangapi wa darasani kwako? Uliwapata wapi? Mtu anayehama baada ya kukaa bwenini anahama na marafiki zake. Anayeanzia hosteli anaanza na mlinzi wa getini.

Na kuhusu malipo, vijana sikilizeni. Hosteli nyingi zinadai pesa ya kushika chumba, na pesa hiyo mara nyingi hairudi ukibadili mawazo. Usiitume ukiwa Mwanza au Mombasa kwa mtu uliyempata mtandaoni. Fika, ingia chumbani, fungua bomba, angalia dirisha linafunga, uliza kama umeme umo kwenye kodi au kila chumba kina mita yake ya kulipia kabla, ndipo utoe pesa na upewe risiti yenye mhuri.

MkaziWaKikoni

Hapo kwenye pesa ya kushika chumba nakuunga mkono. Wengi wamelia. Na nikujibu swali lako: marafiki wawili niliohama nao ni wa bwenini kweli. Sibishi.

MamaWawili

Mwanangu BintiKagera, asante kwa moyo wako. Mimi ni mzazi, niko Muleba. Binti yangu wa kwanza amepata Makerere na sijawahi kufika huko zaidi ya Masaka. Naomba uniambie mambo ya chumbani kama ulivyoahidi. Anaingia na nini? Na huyo atakayepangwa naye chumba kimoja tukute ni mtu wa namna gani? Hilo ndilo linalonikosesha amani.

BintiKagera

Shikamoo mama. Hongera sana kwa binti.

Mwenzake wa chumba hamtamchagua, na hakuna namna ya kumjua kabla. Ila kuna kitu kimoja kinachosaidia kuliko vingine vyote, nacho ni kuzungumza wiki ya kwanza kabla mtu hajaudhika. Wakae wakubaliane: taa inazimwa saa ngapi, anayesoma usiku anatumia taa ya mezani au anaenda maktaba, mgeni wa kiume anaingia au haingii na mwisho saa ngapi, simu ya usiku inapokelewa ndani au koridoni, nani anafagia lini, chakula ni cha pamoja au kila mtu na chake. Mambo haya yanaonekana madogo mno kuyasema, mtu anaona aibu. Lakini ugomvi wote niliowahi kuushuhudia bwenini, mpaka watu wakafikishana kwa msimamizi, ulianzia kwenye sukari, taa au mgeni. Sijaona uliotokana na dini wala kabila.

Kuhusu dini, mwambie asiwe na wasiwasi. Makerere ndani kuna msikiti, kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko la Waanglikana na la Mtakatifu Augustino la Wakatoliki. Watu wanaswali na kusali na kurudi chumba kimoja.

Vya kubeba: chandarua, na nasema chandarua kwanza kabla ya shuka, kwa sababu malaria Kampala ipo mwaka mzima na wengi wanaidharau kwa kuwa mji uko juu na jioni kuna ubaridi. Sweta, maana muhula wa kwanza unaanza Agosti na mvua zinashika Septemba hadi Novemba. Kufuli mbili imara, moja ya kabati na moja ya sanduku. Dumu la lita ishirini la maji, kwa sababu bomba linaweza kukauka bila taarifa, na siku hiyo mwenye dumu lililojaa ndiye anayekwenda darasani ameoga. Ndoo, beseni, kandambili za bafuni zisizoteleza. Godoro asibebe kutoka Muleba, atanunua Wandegeya baada ya kuona upana wa kitanda, kwa kuwa vitanda havilingani. Sufuria, sahani na vikombe pia vipo huko, asijichoshe.

Nguo za kufua zina habari yake. Kampala kuna wale korongo wakubwa wenye upara, wanaitwa kalooli, wanajaa kwenye miti ya chuo na Wandegeya yote. Asianike chini ya mti wenye viota vyao. Akianika kwenye kamba ya nje akae karibu mpaka zikauke, kwa sababu mbali na ndege kuna mikono ya watu. Mimi niliibiwa shuka mpya mchana kweupe na msimamizi nilipomwendea aliniambia tu nikaanike chumbani. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma. Anayelipia kitanda analipia na ulinzi, na bweni lenye mlinzi getini halipaswi kumjibu mtoto wa watu namna ile.

BomboKwetu

Salamu kutoka Bombo. Mimi ni Mganda, Mnubi, Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani pamoja na Kinubi. Nimekaa Makerere bwenini. Dada kasema vizuri, niongeze mambo mawili ambayo mgeni haambiwi.

La kwanza ni undugu wa mabweni. Bweni la wavulana na la wasichana huwa na urafiki rasmi. Lumumba na Mary Stuart wanaitwa Lumbox, Livingstone na Africa wanaitwa Afrostone. Mwaka wa kwanza mtaitwa, mtafundishwa nyimbo, mtapokewa na kaka na dada wa upande wa pili. Mgeni akijiunga mapema anapata watu wa kumtetea. Ukikaa pembeni hutalazimishwa, ila utakosa.

La pili ni siasa. Kila bweni lina mwenyekiti na baraza lake, na linatuma wawakilishi kwenye serikali ya wanafunzi, ile Guild. Uchaguzi ukifika damu za watu huwa moto. Julai 2022 mwanafunzi aliuawa katika kampeni za Guild ya Makerere, na chuo kikaisimamisha Guild kwa muda. Namshauri mgeni apige kura yake na akae mbali na maandamano ya usiku. Polisi wakija hawaulizi nani raia na nani mgeni.

Na Kiswahili chenu msikifiche. Kweli wazee wengine hapa walikichukia kwa sababu walikisikia midomoni mwa askari nyakati mbaya. Lakini katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe mashuleni. Vijana wa bwenini wanataka kujifunza. Mimi nilikuwa nafundisha wenzangu jioni, nao wananisaidia hesabu.

BintiKagera

Kaka wa Bombo, asante sana. Hilo la kufundishana ndilo linalonifurahisha zaidi. Sisi wa Bukoba tuna bahati nyingine, Kihaya na Kiganda vinasikilizana kwa mbali, na mambo ya chakula tunakutana: ndizi zao na zetu hazina ugomvi. Novemba senene zikianguka, bweni zima linanuka senene za kukaanga, na hapo hakuna mgeni. Mtu wa Masaka na mtu wa Kamachumu wanachambua beseni moja wakibishana nani anajua kukaanga.

Na kwa kuwa mazungumzo yamefika kwenye kupika, niseme hili kwa uzito. Mabweni mengi yanakataza kupika chumbani na watu wanapika. Jiko la umeme la sahani moja liko chini ya kitanda, hita ya kuchemshia maji iko kwenye ndoo ya plastiki, waya umeunganishwa na waya. Uganda imeshazika watoto kwa moto wa mabweni ya shule, Budo mwaka 2008, na shule ya wasioona ya Salama kule Mukono Oktoba 2022. Vyumba vya chuo havina tofauti na vile mbele ya moto. Kama bweni lina jiko la pamoja, pika huko. Kama halina, nunua. Wandegeya haimwachi mtu na njaa: kuna roleksi, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, kuna kikomando cha chapati na maharage kwa siku ambazo mfuko umekauka, kuna katogo asubuhi, zile ndizi zilizopikwa pamoja na maharage au utumbo. Matoke na mchuzi wa karanga mchana yanakushikilia mpaka usiku. Na kabla ya kulipa, uliza bayana kama malipo ya bweni yana chakula ndani yake au ni kitanda tu. Usidhani.

MlimaniZamani

Nimesoma UDSM, nimeufuata uzi huu kwa raha. Sisi Mlimani shida yetu ilikuwa kubebana, yaani kulala wawili kitanda kimoja, mpaka ile hosteli ya Magufuli ilipofunguliwa 2017 na kuchukua wanafunzi 3,840 ndipo tukapumua kidogo. Huko Kampala kubebana kupo?

BintiKagera

Kupo mkuu, pakubwa tu. Penye kitanda kimoja na rafiki aliyekosa nafasi, watu wanalala wawili. Nami nimembeba mtu. Nisingeweza kumwacha msichana wa watu akalale kwa watu asiowajua huko mitaani kwa sababu jina lake limerukwa kwenye orodha.

Ila kubebana kuna masharti yake. Mwenzako wa chumba lazima akubali kabla, si aamke akute mtu. Anayebebwa achangie maji na sabuni, na awe na kikomo, tuseme hadi wiki ya tatu, wakati anaendelea kutafuta. Kanuni za mabweni zinakataza, na msimamizi akifanya ukaguzi anayepoteza kitanda ni mwenye kitanda. Anayebebwa hana cha kupoteza. Kwa hiyo mpe mtu hifadhi, na siku hiyo hiyo mwende wote wawili ofisini kuomba nafasi yake. Wakati mwingine msimamizi akiona sura ya mtu kila asubuhi, anakumbuka kitanda alichokisahau.

PwaniHadiMbale

Assalam alaykum jamani. Mimi ni wa Mombasa, niko IUIU Mbale, yaani Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda. Msidhani Uganda yote ni Makerere. Chuo chetu kilianza 1988, na Kiswahili hapa utakisikia kila kona, kuna wa Pwani, wa Unguja, wa Tanga, wa Kigoma. Mbale iko chini ya mlima Elgon, usiku kuna baridi ya kweli, mtu wa Mombasa leta blanketi usione haya.

Mabweni ya wanaume na wanawake yako mbali mbali na taratibu za mavazi na za kutembeleana zinafuatwa, kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi wa wageni usiku, huku ana nafuu. Ninachokipenda zaidi ni Ramadhani. Wakati wa daku watu wanagongeana milango, hakuna anayelala ukampita, na mwenye uji anagawa. Nilifunga nyumbani miaka yote, lakini kufunga bwenini kumenifundisha kumwangalia mwenzangu kama amekula au hajala.

Ila nami nina langu la kusema kwa BintiKagera. Bweni la watu wa lugha moja tu lina hatari yake pia. Kuna wenzetu wamemaliza mwaka na Kiingereza chao kimerudi nyuma, kwa sababu kutwa ni Kiswahili chumbani.

BintiKagera

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umegusa penyewe. Jumuiya ya Watanzania au ya Wakenya chuoni ni muhimu, mtu akifiwa au akiibiwa nauli hao ndio wanaochanga. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipokuwa Makerere, 1943 hadi 1945, alishiriki kuanzisha chama cha ustawi wa wanafunzi wa Tanganyika. Kwa hiyo hatuanzi leo. Lakini ukiombwa kuchagua chumba, chagua chenye Mganda ndani yake. Utafundishwa mji, naye atafundishwa Kiswahili, na hakuna atakayemdharau mwenzake.

Na kwa wasichana niongeze. Wanawake wa kwanza waliingia Makerere mwaka 1945 tu, miaka ishirini na mitatu baada ya chuo kuanzishwa. Bweni la Mary Stuart limepewa jina la mke wa askofu aliyepigania wasichana waingie. Nsibirwa naye, ambaye bweni la wavulana lina jina lake, alikuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda aliyeunga mkono chuo kipewe ardhi, akapigwa risasi Namirembe mwaka huohuo wa 1945. Unapolalamikia foleni ya bafu, na una haki ya kulalamika, jua kwamba kitanda hicho watu walikigharamia. Kitunze. Usiandike ukutani, usivunje kioo kwa hasira ya matokeo ya mpira.

KijanaWaSengerema

Dada mimi nina swali la karatasi. Natoka Tanzania, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka? Na bwenini wanataka kibali?

BintiKagera

Mdogo wangu, beba pasipoti. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa vitambulisho kati ya nchi zao, sisi Watanzania tunahitaji pasipoti au hati ya kusafiria. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, pale Mutukula wanaiuliza. Ukishasajiliwa, omba kibali cha mwanafunzi kwa Uhamiaji wa Uganda, maombi ni ya mtandaoni na raia wa Afrika Mashariki hatozwi ada ya kibali hicho. Akitokea mtu wa kukuomba pesa ili "akusaidie", mwache. Matokeo yako ya kidato cha sita yanahitaji kulinganishwa na mfumo wao kupitia UNEB, baraza la mitihani la Uganda, shughulikia mapema usije ukazuiwa kujisajili, maana asiyesajiliwa hapati kitanda.

Na jambo hili nawaomba mlishike wote. Weka kando nauli ya kurudi nyumbani, pesa usiyoigusa hata ukilala njaa. Tarehe 1 Novemba 2016 Rais Museveni aliamuru Makerere ifungwe kwa sababu ya mgomo wa wahadhiri, na chuo hakikufunguliwa mpaka Januari 2017. Wanafunzi waliambiwa watoke mabwenini. Mwenye kwao Wakiso alipanda daladala. Wa nje alikaa juu ya sanduku akipiga simu. Machi 2020 ikaja korona, vyuo vikafungwa na siku chache baadaye mipaka ikafungwa kwa abiria, walioshindwa kuondoka haraka wakabaki. Wa hosteli angalau alikuwa na chumba alichokilipia. Hapo MkaziWaKikoni ana hoja ambayo hakuisema, nami namsemea: bweni ni la chuo, chuo kikifungwa na bweni linafungwa. Ndiyo maana nasema nauli iwepo, na uwe na familia moja ya rafiki wa Kiganda inayokujua kwa jina. Hiyo familia utaipata kwa mwenzako wa chumba, siku atakapokualika kwao mwisho wa wiki. Akikualika, nenda. Beba sukari au sabuni, ukifika piga magoti usalimie wazee kama wanavyosalimia wao.

MkaziWaKikoni

Umenisemea vizuri kuliko nilivyojisemea. Nyongeza: wanaohamia hosteli wasikatae jina la bweni lao. Mechi za mabweni mimi naenda mpaka leo.

MamaWawili

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho mwanangu. Niende naye au nimwache aende peke yake kama mtu mzima? Baba yake anasema nitamdekeza.

BintiKagera

Nenda naye mama. Mwambie baba ni safari ya kikazi. Pandeni basi la asubuhi kutoka Bukoba ili mfike Kampala jua halijazama, na msishukie kituo cha mabasi na mizigo yote mkaanza kuuliza watu njia. Semeni tangu mwanzo mnakwenda Wandegeya. Laleni nyumba ya wageni usiku mmoja, asubuhi mwende wote ofisi ya bweni. Mzazi akisimama pale na barua mkononi, maombi yanasikilizwa tofauti.

Akipata kitanda, mtandikie, funga chandarua mwenyewe uone kamba zinafika, msalimie mwenzake wa chumba na umwombe namba yake ya simu, nawe umwachie yako. Chukua na namba ya ofisi ya msimamizi. Kisha rudi Muleba siku hiyo hiyo au kesho yake, usikae wiki nzima, hapo baba ana haki.

Akikosa kitanda siku ya kwanza, niandikie ujumbe wa pembeni. Kuna dada wa Karagwe yuko mwaka wa tatu bwenini, nimeshaongea naye, mwenzake wa chumba amekubali, atambeba hadi wiki ya tatu.